Mtu Aliyezikwa kwenye Picha

Manga, 11 Machi 1934

Kwa shemeji Lazarus Oyoo, mkubwa wa waashi, shamba la chai, Kericho. Na kama yeye hayupo, kwa yeyote atakayeifungua barua hii.

Shemeji, nakusalimu. Huku Manga sisi ni wazima. Mvua ilichelewa, wimbi umesimama kidogo lakini haujanyauka. Mama yangu Kemuma mguu bado unamvimba, ila kanisani anafika kabla ya wenye miguu mizuri. Shule imepata paa. Watoto wamekuwa wengi kuliko madawati, hata wengine nawafundishia chini.

Sasa nifike kwenye shauri lenyewe, ingawa sijui namwandikia nani. Mwezi wa pili Kepher, binamu yako aliyekuwa akipika kwa bwana mkubwa wa shamba lenu, alifika kwenu Nyakach kwa miguu, hana sanduku wala blanketi, akasema umekufa. Hakusema amesikia. Alisema ameona. Aliona ukilazwa shimoni katikati ya chai na kufunikwa udongo. Halafu akaona umetoka pale pale, unatembea, na miti ya chai inaonekana kupitia tumboni mwako. Mama yako Jerusa alimwuliza na kumwuliza tena. Hakubadilisha neno.

Waliingoja barua yako wakaikosa. Tangu mwaka jana ulikuwa umeacha kuwaandikia, kwa sababu unazozijua mwenyewe. Basi wakakulilia.

Kama umekufa, namwomba msomaji alitunze sanduku la shemeji, maana najua lina nguo za mtoto ndani. Kama uko hai, andika upesi, na uandike kwa mkono wako.

Ni mimi, ndugu ya mke wako,
Kebaso Mokaya


Kericho, 2 Aprili 1934

Kwa Mwalimu Kebaso.

Salamu nyingi kwako na kwa mama mkwe, na pole yake kwa mguu. Mimi ni mzima isipokuwa kikohozi, na hicho ni cha baridi ya huku, hakihusiani na kaburi. Barua yako ilikaa ofisini majuma mawili chini ya chupa ya wino ya karani. Nilipomwuliza akasema, "Imeandikwa kama ya marehemu, nikaona haina haraka."

Nimekufa lini? Mwezi wa pili nilijenga ukuta wa nyumba ya kukaushia majani, futi mia na ishirini, na njoo na kamba yako upime kama kuna jiwe lililolala vibaya. Nilianza huku kwa kubeba vikapu vya wengine. Uashi sikufundishwa na mtu, nilijifunza kwa kuwatazama mafundi wa Kihindi saa yangu ya chakula. Leo nina watu kumi na wanane chini yangu. Na watu wangu wa nyumbani wakaniua kwa maneno ya mpishi.

Unasema niliacha kuandika. Nilimwandikia ndugu yangu Alfayo barua nne juu ya uzio wa boma langu. Hakujibu hata moja. Ya tano ningeiandika ya nini?

Aliyoyaona Kepher ni haya. Kuna mgeni hapa, ndugu ya memsahib mke wa bwana mkubwa, sisi tunamwita Bwana Jicho kwa sababu jicho moja analifumba siku zote na lingine liko ndani ya kijisanduku. Anatengeneza sinema. Si sinema ya farasi na bunduki kama zinazoonyeshwa Nairobi. Hii ni ya wafu. Hadithi yake ni kwamba mchumaji akifa kabla ya kumaliza tiketi yake ya siku thelathini za kazi, hapumziki. Anaondoka kaburini na kuendelea kuchuma. Lakini kila jani analolitia kikapuni linaruka na kurudi mtini, na kwa hiyo tiketi haiishi. Mimi nilimwambia, Bwana, hii si hadithi, hii ni kambi ya chini, wanakolala wachumaji. Hakucheka. Aliandika.

Akanichagua mimi niwe mkubwa wa wafu, kwa kuwa ninaweza kukaa bila kupepesa macho. Nililazwa shimoni Jumamosi nzima, bati juu yangu na udongo juu ya bati, na siafu wakaniingia kwenye suruali. Habari ya tumbo ni rahisi. Alipiga picha ya chai tupu, akaurudisha ukanda nyuma, kisha akanipiga mimi juu ya picha ile ile. Ni kama kuandika kwenye karatasi iliyokwisha kuandikwa: utasoma barua zote mbili.

Alipoionyesha nyumbani kwa bwana mkubwa, memsahib mmoja alizimia, na Kepher, aliyekuwa mlangoni na sahani za pudini, aliziangusha akaenda. Tulidhani amekimbia kulipishwa sahani.

Waambie basi. Mwambie na mke wangu Bosibori. Huyo hukumtaja hata mara moja katika barua yako, na mimi nimeliona hilo.

Lazarus Oyoo, mzima


Manga, 29 Aprili 1934

Shemeji,

Tumeipokea barua yako, Mungu asifiwe. Kemuma ameshukuru kwa pole. Hapa tumepata mvua, na mchwa wamekula mguu wa meza yangu.

Niliipeleka barua Nyakach mwenyewe, nikawasomea mbele ya nyumba ya mama yako. Walisikiliza kwa adabu. Kisha baba yako mdogo akasema, "Mwalimu, karatasi inaandikwa na yeyote." Kepher naye alikuwepo. Nilimweleza kwamba ilikuwa sinema tu. Si mjinga yule. Alinijibu, "Mwalimu, pale ukutani kwako pana picha yako ya arusi. Hiyo arusi ilifanyika au haikufanyika?" Nikasema ilifanyika. Akasema, "Basi na mimi nimeona picha ya mazishi."

Sikukwambia yote mara ya kwanza. Hawakukulilia tu, shemeji. Walikuzika. Kwa kuwa mwili wako haukupatikana, walifanya mnavyofanya kwenu mtu akifia mbali asionekane: walikata tunda la yago, lile refu kama mkono, wakalifunika nguo na kulitia kaburini upande wa kulia wa nyumba yako. Mama yako amebatizwa, hakutaka, lakini wazee walimshinda.

Kwa hiyo mbele yao wewe ni marehemu na mke wako ni mjane. Mtama ukishavunwa, Alfayo ataingia nyumbani mwako awe mume wake. Wamekwisha kukubaliana.

Nakuomba usije. Wanasema aliyezikwa akiingia langoni kwa miguu yake, kifo kinaingia naye, na kinamwanza mama. Ukweli wake siujui. Najua kwamba wanaliamini, na mama yako analiamini.

Dada hajambo mahali alipo. Zaidi ya hapo sitaandika, maana barua hupita mikononi mwa watu. Nimeombwa nikuulize jambo moja, ujibu bila kukasirika: siku ulipoonja ugali wa wimbi alioupika Bosibori kwa mara ya kwanza, ulisema nini?

Kebaso


Kericho, 20 Mei 1934

Mwalimu,

Salamu kwa wote. Nilisema una mchanga. Na ulikuwa na mchanga.

"Mahali alipo" ni wapi? Mimi nikijenga nyumba ya mtu namwonyesha mlango uko wapi. Kama amekwisha kupelekwa kwa Alfayo, andika hivyo kwa wino, nami nijue. Sitalia. Nataka tu nisiwe nikinunua vitambaa vya mwanamke wa mtu mwingine.

Usiniambie nisije kwangu. Boma lile nililianzisha mimi, na kila nguzo yake niliibeba mimi.

Sina habari nyingine.

Lazarus


Manga, 3 Juni 1934

Shemeji,

Natumaini kikohozi kimepungua. Sisi ni wazima. Mchwa wamerudi kwa mguu wa pili.

Unasema huna habari nyingine, lakini Jumapili ya kwanza ya mwezi wa tano ulikwenda Nyakach. Hukuniandikia. Nilielezwa na wauza samaki pale Sondu. Wanasema ulisimama nje ya lango na kumwita mama yako, naye akatoka, akakuona, akarudi ndani na kufunga mlango, na baada ya hapo akamwaga majivu kizingitini. Wanasema ulisimama muda mrefu, na binti yako Loice alikuchungulia kwenye uzio, akakimbia. Sikulaumu kwa kutoniandikia. Mimi pia nisingeliandika.

Lakini safari ile haikupotea. Tangu siku ile mama yako hali chakula vizuri. Amemwambia baba yako mdogo, "Kama ni mzimu, ulikuwa umevaa kofia ya mwanangu, na ulikuwa unakohoa." Wazee wamekaa. Uamuzi wao ni huu: aliyeonekana akifia Kericho na aonekane huko huko kwanza, mahali pale pale alipofia, na mama yake awe shahidi. Akimkiri kwa kinywa chake, atarudishwa nyumbani kwa taratibu zao. Akimkana, mtama ukivunwa Alfayo ataingia, na sitaweza kuzuia tena.

Wanakuja mwisho wa mwezi huu: mama yako, baba yako mdogo, Alfayo na Kepher. Wanataka waione hiyo picha yenyewe. Sijui utaipataje. Nasikia bwana mkubwa amekataza isionyeshwe tena.

Kuhusu dada: jibu lako la mchanga lilipokewa vizuri. Lilisababisha kicheko. Ila aliyecheka alisema pia kwamba hata mzimu una kumbukumbu, na tungoje neno la mama.

Kebaso


Kericho, 8 Julai 1934

Mwalimu Kebaso, shemeji yangu,

Pokea salamu, umpe na mama mkwe. Nimemtumia majani ya chai, ya vumbi, ambayo ndiyo sisi tunaruhusiwa kunywa, lakini ukiyachemsha sana yanafaa. Kikohozi kimekwisha. Kaa chini, maana hii itakuwa ndefu.

Ni kweli bwana mkubwa alikataza picha. Alisema inawavunja watu moyo wa kazi. Lakini memsahib alikuwa amenitaka nimjengee chimni mpya sebuleni, ya zamani inamrudishia moshi machoni, na niliifikisha kwenye dari kisha nikaweka mwiko chini. Bwana mkubwa akaja. "Lazarus, mbona kazi imesimama?" Nikamwambia, "Bwana, huko kwetu mimi nimekufa. Nimezikwa rasmi. Na maiti hajengi." Akakasirika, akaondoka. Siku zile ni za baridi kali na ukungu. Walikaa bila moto mpaka memsahib akavaa koti mezani. Ndipo Bwana Jicho, aliyekuwa akitetemeka kuliko wote, alinisemea, na ruhusa ikatoka: mara moja tu, nje, kwenye ukuta wa nyumba ya kukaushia majani. Ukuta ule nimeupaka chokaa mimi mwenyewe.

Wageni wangu walifika Ijumaa wamechoka. Mama hakutaka kuniona kabla ya picha. Nilikaa nyuma ya nguzo, naye akaketi kwenye kikapu kilichopinduliwa, shuka usoni. Jua lilipozama mashine ikaanza kulia.

Shemeji, mimi nilikuwa ndani ya ile picha na bado ilinitisha. Haisemi neno. Unaona safu za chai na ukungu, hakuna mtu, halafu unaona vikapu vinatembea peke yake. Kisha mikono bila watu. Kisha watu wenyewe kidogo kidogo, kama mvuke unaotoka kwenye sufuria, na mimi mbele yao, na kweli chai inaonekana tumboni mwangu. Majani yanaruka kutoka kikapuni na kurudi mitini, taratibu, bila kukoma. Watu wa kambi ya chini walianza kutazama wakicheka. Baadaye hakuna aliyecheka. Mzee mmoja nyuma yangu akasema, "Huyu mzungu amejuaje?"

Nilikuwa nimemwomba Bwana Jicho mwisho aiendeshe kinyume, ili waone udongo ukiondoka juu yangu na mimi nikitoka shimoni. Nilidhani hiyo itamaliza maneno. Akafanya. Udongo ukaruka juu na kurudi kwenye majembe, nikatoka shimoni mzima, nikaenda zangu kinyumenyume. Baba mdogo akamwinamia mama akasema, "Sasa ndiyo imeharibika kabisa. Mtu mwenye uhai hatembei hivyo." Mama akafunga macho.

Nilijua nimekwisha. Nilikuwa nimetayarisha maneno ya upole ya kumwambia, nayo yakanipotea yote. Kila nililojenga tangu utoto nikaliona limekuwa la Alfayo.

Halafu nikamsikia huyo Alfayo pale gizani anamnong'oneza Kepher kwa lugha ya kwetu, "Na tulimzika vizuri. Tulimchinjia yule mwekundu."

Nikatoka nyuma ya nguzo. Sikupanga. Nikasema, "Mwekundu yupi? Mwenye pembe iliyopinda? Yule niliyemtoa Chebunyo nikimvuta kwa kamba kwa siku tatu? Nani alisema achinjwe yule? Kwa tunda mngechinja mbuzi." Nikaendelea. Nikauliza ngozi iko wapi. Nikauliza ni nani aliyekula ini. Nikasema kama mngejibu barua zangu za uzio, yule ng'ombe leo angekuwa analima. Nilipoanza kuhesabu watu waliokula na kuwagawia vipande, mama akafungua shuka usoni.

Akasema, "Huyu ni Oyoo."

Baba mdogo akasema, "Angalia vizuri, mama yake. Usiharakishe."

Mama akasema, "Niangalie nini? Mzimu unakuja kuomba ulishwe. Huyu anakuja kudai walicholishwa wengine. Nimemzaa mimi, nimemsikiliza miaka thelathini." Akainuka, akanishika masikio yote mawili, akayavuta sana, kisha akanipiga begani kwa fimbo kwa kukaa kimya mwaka mzima. Shemeji, ile fimbo ilikuwa tamu. Niliendelea kulalamika makusudi ili aendelee kunipiga. Mwishowe baba mdogo akasema, "Basi, basi. Amekiriwa. Mnyamazisheni tule."

Na kuna jambo sikulitazamia. Alfayo alinivuta kando, nikakunja ngumi. Akasema, "Ndugu yangu, leo nitalala. Wazee walinilazimisha. Mke wangu mwenyewe alikuwa ameanza kufunga mizigo, na mke wako alinitumia ujumbe kwamba nikikanyaga mlango wake nitatoka bila meno." Barua zangu alizipokea zote. Hakujibu kwa sababu uzio aliuuza nguzo tisa, akaona aibu. Nimempa mwezi mmoja azirudishe.

Lakini ujumbe huo wa meno ulitumwa kutoka wapi? Hakujua. Nakuuliza wewe. Sasa mama amekwisha kusema.

Lazarus


Manga, 16 Julai 1934

Shemeji,

Yuko hapa. Amekuwa hapa tangu siku ya pili baada ya wao kuzika lile tunda. Loice alibaki kwa bibi yake, ndiyo maana ulimwona. Dada alikataa kunyolewa kichwa kama mjane, akatoka kwa njia ya nyuma, akavuka mto Sondu na watu wa soko. Nilinyamaza kwa kuogopa barua isomwe njiani waje wamchukue, na, nikubali, kwa kuogopa kwamba si wewe unayeandika.

Kila barua yako nimeisoma kwa sauti jikoni. Hii ya mwisho alinisomesha mara mbili, na ya tatu sehemu ya ini tu. Leo asubuhi nimeamka nikakuta amekwisha kuondoka. Amekwenda kukungoja kwenu. Amechukua majani ya chai ya Kemuma, nusu.

Kemuma anakusalimu, anasema hajafurahi hivi tangu mguu wake ulipokuwa mzima.

Kebaso


Nyakach, 12 Agosti 1934

Kwa shemeji yangu Kebaso na mama mkwe Kemuma,

Nawasalimu nikiwa nyumbani. Mtama ni mzuri, ndege wameula kidogo. Loice ana meno mapya mbele, na bado ananitazama kwa mbali, lakini jana alinipa hindi alilolitafuna upande mmoja. Kepher amerudi Kericho kupika. Bwana mkubwa amemsamehe sahani.

Taratibu zimekwisha. Hawakunipitisha langoni, walibomoa uzio nyuma ya nyumba nikaingilia hapo, nao uzio wenyewe, kama nilivyokuambia, ulikuwa na nafasi ya kutosha. Tulinyweshwa dawa ya majani machungu mimi, mama na Alfayo kutoka bakuli moja. Baba mdogo alilifukua lile tunda akaenda nalo mtoni na hakutaka tumfuate. Nilimwambia shimo asilifukie, nitachanganyia udongo wa kukandika ukuta. Akaniangalia vibaya. Nikaacha.

Likizo yangu ni mpaka mwisho wa mwezi, kisha narudi kumaliza chimni, na safari hii nitaondoka na Bosibori na mtoto. Nimeomba chumba cha waliooa. Sitaki tena kufa nikiwa peke yangu.

Yeye hajambo. Nilipofika, hakunisalimu. Aliniwekea ugali mbele akasimama hapo mpaka nikala. Mchana huu wa joto nikijinyoosha kidogo kwenye mkeka, anaita jina langu kutoka jikoni. Nikikawia kuitika, anakuja ananisukuma kwa mguu kama anayehakikisha si maiti. Jana nilimwambia, "Mama Loice, nimetembea, nimekandika, mgongo unauma, huwezi kumwacha mtu alale?"

Akasema, "Sema tena."

Nikamwambia mgongo unauma.

Akarudi jikoni.

Shemeji yako,
Lazarus Oyoo